Kiwanja cha Malori na Kaburi Lisilo na Mtu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wamekuja kupima. Msichana anaitwa Vivianne, na mwenzake Collins, watu wa kaunti, na kamba ndefu, na simu kubwa kama sinia. Nilikuwa nakoroga uji. Mwiko ukanitoka mkononi.

Mara ya mwisho kamba kuonekana Malaba, ilipita kwa kibanda cha rafiki yangu Akiteng. Nyuma ya kamba likaja tingatinga. Sasa Akiteng anakaa kwa mkwe wake, anaulizwa kila saa kama amenawa mikono.

Nimemuuliza Vivianne wanapima nini. Ati wanaangalia kama hiki kiwanja, kilichobaki wazi tangu malori yahamishwe, kinaweza kuwa uwanja wa watu wote. Wa kukaa, kupumzika, kukutana. Nikamwambia watu wote tayari wako hapa, wanakunywa uji wangu. Akacheka, akaandika. Sipendi mtu anayecheka huku anaandika.

Benchi yangu ya wateja wa uji ikitolewa hapa, najua ninakopelekwa. Kocholia, kwa mwanangu Okwi. Okwi ni mtu mzuri. Mkewe Trizah naye ni mzuri, na hapo ndipo shida ilipo. Atanikalisha kwa kiti cha plastiki, anifungulie redio, anikataze kushika jembe. Nitakufa nikiwa safi.

Huyo Vivianne amekonda. Nimempa uji, kikombe kikubwa. Ndipo nikakumbuka ni adui. Alikuwa ameshamaliza.

Naandika haya polepole. Shule niliiona kwa nje tu. Herufi nilifunzwa na wamama wa kanisa nikiwa tayari na wajukuu. Lakini hofu inataka mahali pa kuwekwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimegundua kazi yao. Collins anahesabu watu. Nani amekaa, nani amesimama, nani anapita tu. Basi ni rahisi. Watu wasipokaa, hakuna uwanja.

Nimechukua maji niliyooshea omena, yaliyolala ndoo siku mbili. Nikamwaga kwa benchi yangu mwenyewe, kwa mawe, na kwa ile karavati kuukuu, bomba la zege, wanayokalia vijana wa boda. Edris, mwenyekiti wao, alikuja, akakaa, akaruka. Akauliza ni nani amekufa hapa. Nikamwambia labda ni yeye, aangalie.

Mpango ulifaulu vibaya. Wote walihamia kona ya pili, kwa Zainabu. Huyu Zainabu anakaanga rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai, na kila asubuhi ananisalimia kwa tabasamu kama mtu anayeniuzia kitanda. Amewatolea kreti za soda wakalie. Collins akawahesabu hukohuko. Mimi nikabaki na sufuria imejaa na paka wote wa Malaba.

Jioni Vivianne aliniuliza kama najisikia salama hapa. Nikaona nafasi. Nikasema hapana, mwanangu, hapa kuna wezi, kuna nyoka, kuna mwendawazimu mwenye panga. Akanishika mkono. Akauliza kama taa zingesaidia.

Sasa naogopa zaidi. Ukimwambia mtu mkali hapana, anaenda. Mwenye huruma anarudi na taa.

Jumatano, 10 Septemba

Kaburi!

Wazo lilinijia nikiwa nachota maji. Hapa kwetu, Mteso au Mluhya, penye kaburi hapajengwi. Hata mwenye pesa zake anazunguka. Basi kabla kuche sawasawa nikashika jembe, nikarundika udongo karibu na benchi, nikapigapiga juu, nikasimika msalaba wa mbao za kreti. Lilitoka zuri. Lilitoka zuri mpaka nikaliogopa, nikaenda kukaa upande mwingine wa sufuria.

Vivianne alipoliona alisimama, akainamisha kichwa, akakunja kamba yake. Nikajua nimeshinda.

Ila nilisahau watu wangu. Huwezi kuwa na kaburi Malaba na usiwe na matanga. Edris alifika wa kwanza, kofia mkononi, akauliza kwa upole, Nyanya, tumempoteza nani? Sikuwa nimefikiria jina. Mdomo ulifunguka wenyewe, ukatoa jina ambalo huwa unalitoa kila siku. Okwi.

Mungu wangu. Mwanangu mzima, nimemzika kwa mdomo.

Nilijaribu kulirudisha. Nikasema si yule Okwi. Edris akasema pole Nyanya, ni uchungu, huwezi kuamini. Kufikia saa nne, boda zilikuwa zinazunguka mji na matawi, honi juu. Wakaleta hema. Wamama wa ng'ambo ya mpaka wakavuka na ndizi. Mtu fulani akachapisha picha ya Okwi kwa saiba, duka la kompyuta, ile aliyovaa miwani. Mwingine akauliza, ati kwa nini azikwe upesi hivyo bila mkutano wa mazishi? Mmoja akajibu labda ni ugonjwa. Wakarudi nyuma kidogo, kisha njaa ikawaleta tena.

Na Zainabu akaja. Alizima jiko lake, akaleta mchele, sukari na sufuria yake kubwa kuliko zote, akakaa chini karibu nami akalia. Hajawahi kumwona Okwi. Alilia vizuri kuliko mimi. Hata kwa kilio ananishinda.

Nimempigia Okwi. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Trizah pia. Kwetu mtu aliye hai hatajwi kati ya wafu, hata kwa mzaha, kwa sababu kifo kinasikia. Watu wananiambia lia Nyanya, usiweke ndani. Sasa nalia kweli, na hakuna anayejua kwa nini.

Kiwanja nakitoa. Wakichukue. Wanipeleke Kocholia, nikae kwa plastiki, ninawishwe mikono kama mtoto, bora Okwi awe ndiye ananiletea maji.

Alhamisi, 11 Septemba

Amekuja. Anatembea. Anakula.

Alifika asubuhi kwa boda, Trizah nyuma amekumbatia kuku, analia. Stima ilikuwa imepotea kwao, simu zimekufa zote. Walichosikia ni kwamba kwa mama yao Malaba kuna msiba. Walidhani ni mimi. Okwi alipita katikati ya waombolezaji, akafika kwa picha yake, akaitazama sana. Kisha akauliza ni nani amechagua hii yenye miwani.

Wamama watatu walikimbia. Edris alipanda karavati. Mimi nilimrukia mwanangu, nikamshika masikio yote mawili, nikamfinya nione kama ataumia. Aliumia. Nikampiga kofi kwa kuzima simu, kisha nikawaambia watu wote ukweli, kwamba hapo chini hakuna mtu, ni udongo na woga wangu.

Nilifikiri watanipiga mawe. Zainabu akasimama, akapangusa macho, akasema: "Nyanya, wewe ni shetani. Lakini wali umeiva." Watu wakacheka. Wakala. Hakuna aliyeenda nyumbani. Nimelisawazisha kaburi kwa mikono yangu wakiangalia.

Okwi alikuwa amekuja na nia ya kunibeba. Niliiona machoni. Alizunguka akiwasalimu waliomlilia, mmoja mmoja. Akarudi akasema, Mama, Kocholia nikifa hawatajaa hivi. Kaa. Trizah aliniachia kuku. Pia sabuni.

Ijumaa, 12 Septemba

Vivianne amekuja na majibu. Wale walikuwa wanahesabu siku zote mbili za matanga! Nilidhani ameondoka, alikaa chini ya hema, akala ndizi. Ati viwanja vyote walivyopima, Busia mpaka huku, hakuna kilichoonyesha watu wa dini zote na pande zote mbili za mpaka wakikaa pamoja hivyo, na viti vyao. Watapendekeza kiwe uwanja. Wauzaji wanabaki. Miti, mabenchi ya mawe, mfereji wa maji.

Nilimkumbatia mpaka akakohoa. Bado amekonda. Nimempa uji.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijalala vizuri. Collins alinionyesha mchoro. Miti miwili mikubwa, na kivuli chote cha mchana kinaangukia wapi? Kwa Zainabu. Mimi nimewekewa jua, kando ya pipa la taka.

Jua na pipa. Uji utachacha, wateja watavuka kwenda kivulini, benchi itakauka, na mwishowe ni kile kiti cha plastiki. Naliona tingatinga likija polepole, limepakwa rangi nzuri.

Lakini mti haupandwi juu ya kaburi.

Kesho kabla kuche nitapeleka jembe kona ya Zainabu. Na safari hii sitaropoka jina la mtu wangu, nimeshachagua mapema: Methuselah. Nimewauliza vijana wa boda kijanjakijanja. Hakuna Methuselah Malaba nzima.

Ila hapa ni mpakani, malori yanapita, na madereva wana majina ya kila aina. Naogopa. Nitachimba kidogo tu.