Mate kwa Niaba ya Chifu

Katika baraza la mwezi, Chifu Ruwa wa Kidutani, kule pwani nyuma ya Bofu, aliwatangazia raia wake kwamba tangu siku ile lokesheni yao imeingia katika zama za sayansi. Kuwapiga watu makofi ili wakiri kumefutwa. Sasa ushahidi utatoka kwenye damu na mate, kwa njia iitwayo DNA, ambayo yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa katika semina ya haki za binadamu, hotelini Shelly Beach, baina ya chai na chakula cha mchana.

"Mwili hausemi uongo," alisema, "na serikali yenu haisemi uongo. Sasa wawili hawa wameonana."

Watu wakapiga makofi, kwa jinsi walivyofurahi kwamba yale mengine yamefutwa.

Sayansi ilihitajika kwa sababu ya mahindi ya msaada. Ulikuwa mwaka wa ukame, katikati ya miaka ya tisini, na magunia yaliyoletwa kwa wenye njaa yalikuwa yamefungiwa katika ghala la ofisi ya chifu. Asubuhi moja ghala likakutwa tupu, kioo cha dirisha kimevunjwa, na gunia moja limeachwa chini lina damu.

Mahindi yako wapi, hilo halikumsumbua Chifu Ruwa. Yalikuwa Magongo, upande wa pili wa kivuko, kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yake, mahali ambapo yeye mwenyewe aliagiza yapelekwe. Kilichomkosesha usingizi ni nani kayaiba. Jalada la wizi haliwezi kukaa wazi bila mwizi; ni aibu kwa utawala.

Mwizi akapatikana. Alikuwa Mbwana, fundi baiskeli, aliyesimama barazani akauliza mahindi yatagawiwa lini. Chifu alimfafanulia koplo wa kituo kwamba mtu anayeulizia mahindi ni mtu mwenye fikira za mahindi. Isitoshe, Mbwana alikuwa na makovu vidoleni, jambo ambalo mafundi wa baiskeli wote wanalo, lakini wengine hawakuuliza. Akatiwa ndani. Chifu akamfuata hadi kwenye nondo za seli akamsomea haki zake kwa upole: ana haki ya kungoja sayansi, na sayansi yenyewe iko ng'ambo.

Siku Daktari Philister, mwalimu wa ile semina, alipokuja kuchukua mate ya Mbwana, mkewe Mbwana aliingia ofisini. Aliitwa Mwanasaumu. Alimwamkia chifu, akamuulizia mama watoto, akamuulizia na mkwewe, kisha akaeleza haja yake. Mumewe yumo ndani, baiskeli za watu zimelala, watoto wanashindia uji wa chumvi. Alitaka kujua kama hiyo DNA yapima maskini peke yao.

Chifu akacheka kwa huruma. Alimweleza kwamba mbele ya sayansi binadamu wote ni sawa, mkubwa na mdogo, na kwamba hilo liliandikwa ubaoni kule semina.

"Alhamdulillahi," akasema Mwanasaumu. "Basi naweye tema, mzee."

Daktari akasema ombi hilo ni la haki kabisa, akatoa kichupa cha pili.

Chifu Ruwa hakuogopa. Mikono yake ilikuwa safi. Hakulikaribia dirisha lile hata kwa bahati mbaya. Alimwagiza tu karani wake, Elkana, atafute wapagazi Changamwe, na damu ile bila shaka ilikuwa ya mpagazi mmoja asiye na jina. Kilichomtatiza ni heshima. Chifu kamili, na kofia yake ya nishani, ateme mate mbele ya mke wa fundi baiskeli? Akaomba faragha, akaingia na kichupa chumba cha ndani, akamwita Elkana.

Elkana ndiye aliyemwandikia barua, aliyemwakilisha mazishini, hata mkwewe akiugua ni yeye aliyetumwa kumtazama.

"Tema," chifu akamwambia.

"Mimi, mzee?"

"Kwa niaba yangu."

Elkana akakitazama kichupa muda mrefu. Kisha uso wake ukaanza kunawiri polepole, kama mtu aliyepewa likizo bila kuomba. Chifu aliona furaha ile akaihesabu kuwa uzalendo. Karani akatema kwa ukarimu. Chifu akafunga kifuniko, akabandika jina lake, akatia sahihi.

Majibu yalirudi baada ya mvua za masika. Chifu akaitisha baraza, akavaa sare iliyopigwa pasi ikasimama, akamwomba Daktari Philister asome kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie. Daktari akasoma. Damu ya kwenye gunia si ya Mbwana. Ni ya mtu aliyetema mate katika kichupa chenye jina na sahihi ya Chifu Ruwa.

Koplo akavua kofia, akaivaa tena.

Chifu alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri katika utumishi wake wote. "Mate yale si yangu," akasema.

"Ni ya nani?" akauliza daktari.

"Ya karani."

Elkana akasimama bila haraka, akapandisha mguu wa suruali, akaonyesha kovu refu kwenye goti. Alisema wapagazi aliwakosa, ikabidi abebe mwenyewe, na alipovunja kioo ili ionekane mwizi kapita, kikamkata.

"Mate nilitema kwa niaba yake," akamalizia. "Na mahindi niliyapeleka Magongo kwa niaba yake. Bado yako kwa shemeji yake."

Koplo akawachukua wote wawili, akamkabidhi Mbwana, aliyekuwa ameletwa kusikia majibu, ufunguo wa seli ili akatoe vitu vyake. Vijana wakaondoka na mikokoteni kuelekea kivuko, safari ya Magongo. Ila Daktari Philister aliwazuia kidogo wale waliokuwa wakielekea kituoni. Alisema sheria inataka mate halisi ya chifu, na safari hii yatolewe hadharani.

Chifu Ruwa akapokea kichupa mbele ya lokesheni nzima. Akavuta shavu la kulia, akavuta la kushoto, akajaribu tena. Hakikutoka kitu, kinywa kilikuwa kikavu kabisa.

Mwanasaumu akainuka, akamletea maji kwenye kikombe cha bati.

"Kunywa, mzee," akamwambia. "Hatuna haraka."