Jeth Mbili Katika Mwaka Mmoja

Mudhaibi

Kwa Bwana Vallabhdas, mwenye duka la viungo, Nizwa.

Bwana Vallabhdas,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa wote wa dukani, nakuandikia kwa masikitiko kuhusu kalenda ya Kihindi uliyompa mama mkwe wangu, Bi Badria. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa sote ni watoto wa Unguja, na sitaki usingizie kuwa hukunielewa.

Mke wangu Kaltham aliomba mama yake aje kukaa nasi mwezi mmoja. Nilikubali. Miezi yetu husubiri kuandama na watu wakabishana, kwa hiyo niliona bora nichague mwezi uliokwisha chapwa. Nikamkaribisha Bi Badria, mbele ya watu, mwezi wenu wa Jeth, wote mzima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jeth imekuja mara mbili. Ya kwanza ilipokwisha niliwasha gari nimrudishe kwake. Bi Badria akatia kidole kwenye kalenda, akanionyesha Jeth nyingine inaanza. Uliniambia kwa simu kuwa mwezi ukiandama mara mbili na jua bado limo katika buruji moja, mwezi wa ziada hupewa jina la ule unaofuata. Bwana, sisi tukimaliza kufunga tunahesabu: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu. Bi Badria alikuja Mfunguo Tatu, kisha ukaingia Mfunguo Nne. Hakuna aliyeuona Mfunguo Tatu ukirudi kwa kuwa umesahau kitu.

2. Unasema kila mwezi hupewa jina la nyota ambayo mwezi mpevu hukaa karibu nayo, na nyota ya Jeth ni ile nyekundu tunayoiita Moyo wa Nge. Naijua. Wazee wetu hapa waligawana maji ya falaji, mfereji wa mashamba, kwa kutazama nyota. Nilitoka nikatazama na mimi. Katika Jeth ya ziada, mwezi na nyota walikaa bega kwa bega. Katika hii mnayoiita halisi, mwezi umejaa mbali kabisa na nyota yake. Basi Jeth ya haki imekwisha, na mgeni wangu anakaa katika mwezi wa bandia.

3. Kiti changu kimechukuliwa. Taarifa ya habari siisikii kwa hadithi zake za Malindi ya Unguja. Tende za mabsali zinachemshwa sasa, na wafanyakazi wanamwuliza yeye kama zimeiva. Juzi nilimwuliza na mimi.

4. Kama miezi hurudiwa, na siku zirudiwe. Niliitangazia nyumba Ijumaa ya ziada, nikabaki kitandani. Bi Badria akasema Ijumaa ya ziada haina chakula cha mchana, nisubiri ile halisi.

Naomba basi uwaandikie wachapaji waipe Jeth ya pili jina jingine, lolote lile, na upesi.

Nisalimie mama watoto na majirani wote wa sokoni. Kaltham anakusalimu. Bi Badria anakusalimu sana na anakushukuru kwa kalenda.

Ni mimi, mwenye nyumba kwa jina tu,
Marhun bin Hamed

Nyongeza: Jeth ya pili inakwisha kesho. Bi Badria amefunga mizigo, na Kaltham tangu asubuhi anapika vya safari huku analia. Tangu binti yetu Nada aolewe mji wa Sur, nyumba hii ilikuwa watu wawili na televisheni, na mimi sitaki turudi katika upweke ule. Nimesema gari ni bovu. Bi Badria akikupigia simu kuuliza, tafadhali mwambie mwaka huu Jeth ni tatu.