Kinyozi Kaua Watatu, Mimi Nimechukua Blanketi

Jumapili, 3 Machi

Onyesho la kwanza leo. Nimezomewa.

Mchezo wetu wa ukumbi wa mtaa una watu wabaya wawili. Kinyozi ni Jambazi. Anachoma duka, anaua watu watatu, anamvua polisi kofia na kucheza nayo. Mimi ni Shemeji. Kaka yangu kafa, nakuja kumtoa mjane wake kwenye nyumba, yeye na kikongwe aliyemzaa. Nasema, "Nafanya haya kwa faida yenu." Siui mtu. Nachukua blanketi la kikongwe, basi.

Kinyozi kaua wa kwanza, makofi. Wa pili, vigelegele. Wa tatu, mzee mmoja kasimama kabisa. Mimi nimegusa blanketi, ganda la ndizi likatua shingoni.

Nyuma ya pazia Kinyozi kaniambia nisijali, kuna watu Mungu kawapa nyota, wengine kawapa mabega ya kubebea zege. Nikamwambia nyota yake ni mafuta ya nywele.

Ingekuwa ni aibu tu ningevumilia. Lakini kuna Mshonaji, aliyetushonea mavazi. Mjane, kama mimi mgane. Miezi minane nakunywa chai kibarazani kwake. Nimeshamwambia nataka kuoa. Kasema yeye hana neno, neno liko kwa mama yake. Na mama yake anakuja Jumamosi kuangalia kazi ya mwanawe. Hajawahi kuniona. Ataniona mara ya kwanza nikiwa nanyang'anya kikongwe blanketi.

Nina siku sita za kupendwa.

Jumatatu, 4 Machi

Zege la ghorofa ya pili. Mgongo si wangu.

Mama wa chai pale kazini aliuona mchezo jana. Kanimiminia kikombe nusu. Nimemuuliza kwa nini Jambazi anapendwa na mimi nachukiwa, wakati mikono yangu haina hata tone la damu. Kasema jambazi hajawahi kukutana naye maisha yake yote, lakini shemeji anaye. Tena alikuja na sauti hiyohiyo ya kusaidia. Halafu kasema Jambazi anajua ni mbaya na anaona raha. "Wewe unachukua blanketi la watu na unataka ushukuriwe."

Nikamwambia ule ni mchezo tu, mama. Kasema hata chai ni maji tu, lakini ikikumwagikia unaungua.

Maneno mengi. Mimi nimeona jambo lenyewe. Jambazi anaua. Kwa hiyo na mimi niue.

Jioni nimekwenda kwa Mwalimu mstaafu, aliyetunga mchezo. Nimeomba maiti wawili. Kasema Shemeji hana bunduki. Nikasema nitatumia mikono. Kauliza nitamuua nani. Nikasema yeyote, hata wale wa Kinyozi, tugawane. Nimeshuka mpaka maiti mmoja. Kakataa. Kanifungia mlango taratibu, kama mtu anayemfungia mgonjwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata akili nyingine. Mtu mwenye huzuni huonewa huruma. Nikaongeza maneno yangu mwenyewe jukwaani. Nimeshika blanketi, nikasema, "Mke wangu alikufa. Usiku nasikia baridi."

Ukumbi kimya. Nikajua nimewapata.

Sauti ikatoka nyuma: "Bora alipumzika."

Walicheka mpaka viti vililia. Hiyo iliniuma. Wangu alikufa kweli, na blanketi tulikuwa nalo moja. Nikalivuta la kikongwe kwa hasira. Anayecheza kikongwe ni muuza mkaa, mwanamke mzito, kabingirika hadi kwenye pazia. Wakazomea upya.

Baadaye Mshonaji alikuwa ananishonea kifungo, haniangalii usoni. Ndipo kaniambia. Mume wake alipofariki, shemeji wa kweli alikuja akawatoa yeye na mama yake kwenye nyumba. Alichukua mpaka sufuria. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Kasema kwa nini mimi sikuomba hata uaskari. Nikasema Mwalimu alipenda sauti yangu.

Kasema basi nijue tu kwamba mama yake ana mkono mwepesi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nilikuja na watu wangu. Wabeba zege kumi na wawili, wote wameoga. Kazi yao ndogo: nikiingia, washangilie. Watu wakisikia wengine wanapenda, nao wanapenda. Hata kwenye msiba mmoja akianza kulia wote wanafuata.

Nimeingia. Makofi safi. Nikavimba.

Nimeshika blanketi. Hapo walitakiwa washangilie tena, lakini mtu wa zege akichangamka ana neno moja tu. Siku ya zege tunajipanga mstari, tunapitishiana karai, na wa juu akitaka zaidi anaita, "Ongeza!" Wote kumi na wawili wakaita, "Ongeza!"

Mikono yangu ina miaka ishirini na sita kwenye mstari ule. Ikisikia ongeza, inaongeza. Nikapitisha blanketi nyuma ya pazia. "Ongeza!" Nikapitisha mkeka. "Ongeza!" Nikapitisha jagi, mto, kigoda, na fimbo ya kikongwe. Nilishtuka nimeinua kiti akiwa bado amekikalia. Muuza mkaa kaninong'oneza kwamba nikimwangusha tena, kesho anakuja na mkaa unaowaka.

Mama mmoja mstari wa tatu kanilaani mimi na uzao wangu. Binti yangu alikuwa kakaa nyuma yake. Kaniambia alikaa kimya, asijulikane ni wangu.

Faida moja imepatikana. Kinyozi alitakiwa kumpiga mtu risasi akiwa kitini. Kiti nacho nilikuwa nimeshakipitisha nyuma ya pazia. Maiti akahangaika kutafuta pa kuangukia. Watu wakamcheka Jambazi kwa mara ya kwanza. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika na shavu limevimba. Niandike haraka kabla furaha haijapoa.

Mama yake kaja. Mdogo, mkavu, kandambili za bluu. Kakaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Mipango yangu yote ilikuwa imekwisha. Nikasema liwalo na liwe, nitasema maneno ya Mwalimu na kuondoka.

Nikasema, "Nafanya haya kwa faida yenu." Nikachukua blanketi.

Mama kainuka. Kapanda ngazi za jukwaa, hana haraka. Kavua kandambili moja. Pigo la kwanza likanipata shavuni. "Kwa faida yetu?" La pili. "Na sufuria pia kwa faida yetu?" Nimesimama tu. Ningefanya nini? Yule ndiye mama mkwe wangu, Mungu akipenda.

Nimehesabu saba. La nane alikosa, akakanyaga hewa pembeni ya jukwaa. Nikamdaka kwa mkono mmoja. Hafiki nusu mfuko wa saruji. Nikamkalisha kwenye kigoda. Alikuwa anatetemeka, nikamfunika blanketi, si lilikuwa mkononi. Kandambili ilikuwa imeangukia huko chini, nikaifuata, nikapiga goti nikamvisha.

Halafu nimesahau maneno. Nikamwangalia Mwalimu. Mwalimu analia.

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi mpaka vumbi likashuka darini. Walikuwa wanaita, "Shemeji! Shemeji!" Kinyozi kaingia na bunduki yake, kaua watu watatu, hakuna aliyegeuza shingo. Kawaua tena kwa sauti kubwa. Wapi.

Jumapili, 10 Machi

Nimeitwa chakula cha mchana. Mama kanipakulia kwa mkono wake, mfupa wenye nyama kanipa mimi. Kasema alimngoja yule mtu wa sufuria miaka kumi ili ampige, hakurudi. Jana roho yake imetulia. Kisha kamgeukia Mshonaji kasema, "Huyu mchukue. Ukichelewa namchukua mimi."

Harusi mwezi ujao.

Mshonaji kanisindikiza mpaka kona. Kasema mama hakulala, anaongea tu habari za kudakwa na ile kandambili niliyomvisha kwa goti. Nikamwacha aseme. Wanawake hupenda kuzungusha mambo. Mimi nilikuwepo, shavu langu ndilo shahidi. Siri ni kipigo. Mtu akishakupiga vya kutosha, anakupenda.

Nimemweleza Kinyozi bure. Kasema nina homa. Wivu.

Jumanne, 12 Machi

Mwalimu kaongeza onyesho la Jumamosi, watu wamelidai. Nafasi hiyo siiachi.

Kwao Mshonaji bado shangazi wawili na kaka mkubwa hawajaniona. Mshonaji kasema neno la mama linatosha. Labda. Mimi sijengi juu ya nguzo moja. Leo nimewapelekea tiketi wote watatu, mstari wa mbele, karibu na ngazi. Shangazi mkubwa anatembelea fimbo, nimefurahi kuona. Kaka mtu anapakua magunia kwenye malori. Alipopokea tiketi nimetazama ule mkono. Ukubwa wa koleo.

Huyo akinipiga saba tu, nimependwa na ukoo mzima.

Nimemwomba Mwalimu aniongezee kikongwe wa pili wa kunyang'anya, ili hasira iwatoshe wote.