Marehemu Aliyeoshwa kwa Chai

Précieuse tunamwita Radio, na si bure. Asubuhi ile alitua sinia lake la mikate kwenye benchi letu, mbele ya studio ya picha pale mtaani Makiso, na kabla hata hajavuta pumzi akatoa habari.

"Mama Kadidja amesema. Samedi, kama kiti ya baba ya bwana-arusi iko mutupu, ndoa haiko. Baba akae mwenyewe, ao picha yake ikae. Kwao iko vile tu."

Nilikuwa namimina kahawa ninayouza pale. Mama Kadidja ni nyanya wa Djamila, bibi-arusi, na Samedi ndiyo Jumamosi ya ndoa. Hemedi, fundi wa kushona, na ndiye bwana-arusi mwenyewe, alipokea kikombe akakisahau mkononi. Baba yake, Papa Mohamadi, alikufa miaka kumi iliyopita. Picha yake moja tu ilikuwa ukutani kwao, mtaa wa Tshopo, na mwaka uliotangulia, katika ile vita ya siku sita iliyopiganwa mjini kwetu, bombe liliingia dirishani likatoka na ukuta mzima.

"Bombe ilikamata nyumba," Hemedi akasema. "Sasa inataka na bibi-arusi yangu."

"Na pilau," akasema Clovis.

Huyo Clovis tunamwita Ministre. Alikuwa karani wa gare, kituo cha treni; treni ikasimama kwa vita, yeye hakusimama: kila siku anavaa kravati, tai ya shingoni, na kuja kukaa benchini kama ana mkutano.

"Ministre, mutu analilia Djamila wake, weye unalilia muchele?" Précieuse akamuuliza.

"Nalia yote. Djamila ni wake, muchele ni wa bote. Tangu juzi nakula kidogo kidogo, juu ya kutayarisha tumbo."

Mpiga picha, Désiré, ambaye kwetu ni Négatif, alikuwa ameegemea mlango wa studio akimtazama Hemedi kama mtu anayepima kitambaa.

"Unatafuta uso ya papa yako? Ile unayo juu ya shingo. Bamama ya quartier, ya mtaa yenu, wanakuita nani?"

"Mohamadi Kidogo."

"Voilà. Lete kanzu, lete kofia. Tutakuzeesha."

Tangu vita ikate njia, filimu za rangi hazikufika tena. Négatif alikuwa amebaki na nyeusi-na-nyeupe tu, na ndiyo ilituokoa. Hemedi akavaa kanzu, akakaa kwenye kigoda, akakunja uso kama mtu anayedai haki yake. Saa sita picha ikatoka, ingali na maji. Tukaizunguka wote.

"Papa Mohamadi amekufa jana," Précieuse akasema.

Kweli, ilikuwa mpya mno. Nyeusi yake kama makaa, nyeupe yake kama shuka ya harusi.

"Picha ya zamani haina nyeusi," Négatif akatueleza, kidole hewani. "Nyeusi yake imekuwa jivu. Nyeupe yake imekunywa chai. Mutu iko ndani lakini kama anaondoka."

"Chai ni ya batoto," akasema Ministre. "Tia mu kahawa. Kahawa iko na nguvu."

"Ministre, weye ulisomea picha wapi?"

"Nilisomea tiketi. Karatasi ni karatasi."

Nikawapa kikombe kizima, mimi mwenyewe, nisiseme wenzangu tu ndio wajinga. Sikukumbuka kuwa ina tangawizi. Picha ilipokauka juani, chembe zilikuwa zimeshika usoni, kwenye mashavu yote mawili.

Hemedi akaiinua. "Papa yangu alikufa na moyo, haikuwa na surua."

Précieuse alicheka mpaka akakalia mikate yake. Hata Hemedi akacheka, kisha akakumbuka Samedi, akaacha.

Mara ya pili Négatif alifanya kazi yake bila Ministre. Akatumia dawa ya kusafishia picha, lakini iliyochoka, ile ya juma lililopita, ili nyeusi isipate nguvu. Akaiogesha picha katika chai yangu nyepesi, akiitikisa polepole kama anapepeta mchele. Kwa penseli akachora mikunjo chini ya macho na mvi kwenye ndevu. Kwa makasi akakata pembezoni meno meno, kama picha za wakati wa ukoloni wa Babelgi. Akaikunja kona moja, akaiweka juani.

Mimi niliyemjua Mohamadi niliishika, nusura niisalimu.

Hapo ndipo Mama Kadidja alipotokea, kitambaa cheupe kichwani, anatafuta kahawa. Hatukuwahi kuificha. Akainyoosha mkononi, akaileta karibu, akaipeleka mbali.

"Kovu iko wapi?"

Wote tukaiinamia picha. Hata Ministre.

"Mohamadi alikuwa na kovu hapa," akagusa juu ya jicho. "Makasi ya kazi ilimuruka, ikamukata."

Hemedi akasimama. "Mama, nisamehe. Picha ya papa yangu iliungua na ukuta. Huyu ni miye."

"Najua ni weye. Nimekuona unatoka jasho." Akamgeukia Négatif. "Penseli yako iko wapi? Tia kovu. Ndogo, kama punje ya muchele. Unatengeneza mutu, unamaliza mutu."

Négatif akatia.

Mama Kadidja akainywa kahawa yake yote kabla ya kusema tena, safari hii chini chini. "Na yangu iliungua. Bwana yangu, babu ya Djamila. Ile ile juma ya bombe. Samedi kiti yake nayo ni tupu, na shemeji yangu Waziri, ndugu yake, anavuka mto kutoka Lubunga. Macho yake haione vizuri, lakini viti anahesabu."

Akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yakasimama.

"Weye mwenye kravati. Geuka upande."

"Miye?" Ministre akageuka. "Mama, miye ni mukatoliki."

"Hutasali, utakaa tu kwa kiti, mu picha. Paji ya uso ni yake kabisa. Pua tutaomba penseli."

Siku hizo mbili Ministre hakuzungumzika. Alivishwa kofia, akaoshwa kwa chai, akakauka, na kila mpita njia alionyeshwa marehemu huyo mwenye heshima. Vendredi akamwambia Mama Kadidja, "Kesho nakuja mapema, nijione."

"Unakuja wapi? Bwana yangu amekufa tangu miaka. Ukiingia mlangoni na ile uso, Waziri atatupa fimbo akimbie mpaka mtoni."

"Alors, na pilau?"

"Ulisikia wapi marehemu anaomba sahani?"

Kwa hiyo Samedi Ministre alibaki peke yake benchini. Mimi na Précieuse tulitoka kwa karamu saa nane na sahani iliyofunikwa vizuri, nyama juu. Aliipokea bila kutuangalia.

"Nimekaa namna gani?"

"Kiti ya mbele," Précieuse akasema. "Kila mutu anaingia, anakuinamishia kichwa. Waziri alikusalimia mara mbili, ya pili akapangusa macho."

"Na Djamila? Wamemutoa kwa bwana yake?"

"Wamemutoa."

Akala vijiko vitatu. Kisha akasimamisha kijiko, mdomo umejaa mchele.

"Bon," akasema. "Angalau mujukuu yangu amekwenda."