Mwanangu Kupigwa Risasi na Mwanangu

Kwa mdogo wangu mpenzi, Mwongozaji Mkuu wa filamu ya vita,
Huko huko kwenye machimbo ya kokoto mnakopigana.

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu dada yako. Sisi huku hatujambo, ukiondoa haya nitakayokueleza. Shemeji yako mume wangu hajambo, yupo kibandani kwake anatengeneza redio za watu, ila siku hizi anakwenda kazini na kandambili kwa sababu buti zake unazo wewe. Mama mkwe wangu hajambo, magoti tu, anakusalimu na anauliza mkongojo wake uko wapi. Nimemwambia umekuwa bunduki, hakunielewa. Binti yangu mkubwa, muuguzi, hajambo, anasema zile bendeji ulizoomba akakwambia hapana, bado ni hapana. Watoto wake pacha hawajambo, tangu wakuone na kamera wanarushiana viazi uani na kulipuka. Paka hajambo. Kitinda mimba wangu, mpwa wako, naye hajambo, na hapo ndipo barua hii inapoanzia, maana kwa hesabu zako wewe amekufa.

Nakuandikia kwa sababu simu hampokei. Dereva wako kaniambia mmezima zote, eti vita vyenu ni vya zamani na juzi simu iliita mfukoni mwa maiti. Sawa. Mimi shule niliiacha ili nikubebe wewe mgongoni, kwa hiyo ukiona nimekosea mahali, nusu ya kosa ni lako.

Jumamosi mwanangu alishuka kwenye pikapu yako na gunia la magwanda ya kufua, uso unang'aa utadhani ametoka kuposa. Hata hajanisalimia, akasema, "Mama, leo nimekufa vizuri! Mjomba mpaka amepiga makofi." Nikamuuliza amekufa na nini. Akasema risasi ya tumbo. Nikamuuliza ni nani huyo asiye na haya aliyempiga. Akafikiri kidogo, akasema, "Ukifuatilia sana, mama, ni mimi." Nikakaa juu ya pasi. Bahati ilikuwa haijapata moto.

Malalamiko yangu ni haya, nayapanga ili usije ukasema dada anapayuka.

1. Magwanda nimeshona mimi, sikatai. Kitambaa hakikutosha majeshi mawili, ukaniomba nishone ya kugeuza: nje kijani, jeshi letu, ndani kahawia, jeshi la adui. Nikajiona nina akili. Sikujua maana yake ni kwamba asubuhi vijana wote wanavaa kijani na kupiga risasi kuelekea kwenye mashine ya kusaga kokoto, halafu wakishakula mchana wanageuza nguo, wanakwenda kusimama pale pale kwenye mashine na kupokea risasi zao wenyewe. Mdogo wangu, mtu akiuawa na adui, mama yake anajua amlaani nani. Mimi nimlaani nani? Nikimlaani muuaji, nimemlaani mwanangu. Nikimsamehe, damu ya mwanangu imepotea bure. Tangu Jumamosi nikimpakulia chakula sijui nampa marehemu au nampa aliyemuua. Na anakula cha wote wawili.

2. Hii ni kazi yake ya kwanza. Unajua alivyokaa nyumbani baada ya shule, anaamka, anaoga, anavaa vizuri, hana pa kwenda. Ulipomchukua nilitangaza mtaa mzima. Sasa watu wananiuliza, mama, kijana anafanya kazi gani huko? Niseme anakufa? Na nikwambie kweli, utani pembeni: mimi kumwona anaanguka, hata kwa uongo, siwezi. Wewe ulipokuwa mdogo ukijikwaa nilikuwa nalia kabla yako. Sijabadilika.

3. Jirani yetu mwenye duka alisikia kupitia ukutani maneno "nimekufa" na "risasi" na "ni mimi." Magwanda hayajalowana, tayari akina mama wameshaingia uani, vichwa vimefungwa, wanalia. Mama mkwe, ambaye masikio nayo yameanza kumtupa, alipoona wenzake wanalia akalia kuwapita wote. Ikabidi marehemu aende jikoni kuwachemshia chai. Mama mmoja akapokea kikombe mkononi mwake, akamwambia, "Pole baba, ndugu yako alikuwa kijana mzuri sana." Akajibu, "Asante, shangazi." Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?

4. Damu. Ile juisi ya unga unayoikoroga ni tamu mno. Nimeambiwa maiti watatu waliinuka wakatimua mbio kwa sababu ya nyuki, nawe ukawapigia kelele warudi wafe. Tena haitoki kwenye nguo. Nimeloweka, nimesugua, nimeanika juani, doa lipo pale pale tumboni. Kwa hiyo jeshi letu linaamka asubuhi limeshajeruhiwa na vita vya mchana ambavyo bado. Mtazamaji hatauliza?

5. Jenerali. Koti lake ni la mlinzi wa duka la magodoro, na mlinzi anaingia kazini jioni, lazima awe nalo. Dereva anasema kila siku jua likianza kushuka, jenerali anavuliwa koti katikati ya mapambano na vijana wanabaki kupigana bila mkubwa. Ndiyo maana wanakufa ovyo! Mtoto wangu kafa kwa sababu ya magodoro.

6. Hili dogo, lakini nalisema. Kofia za chuma ni mabakuli yangu. Umeyapaka rangi ya kijani ndani na nje, ndani kulikuwa na haja gani? Sisi tunakulia vifuniko. Na pazia la sebuleni ndilo mikono ya yale magwanda, kwa hiyo dirisha liko wazi na wapita njia wanatusalimu tukiwa tunakula. Jana mmoja alisimama akamshauri mume wangu apunguze chumvi.

Basi nikakaa nikatafuta suluhu, maana dada hawezi kulaumu tu. Kwanza nilitaka nikuombe mwanangu auawe na mtu baki. Lakini mtu baki anataka gwanda lake, gwanda linataka kitambaa, na pazia lililobaki ni la chumbani kwetu. Nikasema basi ajeruhiwe mguu tu. Lakini majeruhi anataka bendeji, na muuguzi ameshasema. Nikasema basi atekwe. Lakini mateka anataka gereza, gereza linataka mlango wa chuma, na mimi nimeona unavyolitazama geti letu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba vita visimamishwe. Siombi filamu iachwe, la hasha, najua ulivyoililia. Naomba ianze siku moja baada ya vita kwisha. Hebu fikiri, mdogo wangu, hutahitaji kofia wala bunduki, na mama mkwe atatembea. Unahitaji njia tu, na kijana anatembea na nguo zake mwenyewe, mchovu, hajui kama nyumbani watamtambua. Halafu unahitaji mlango, na mama nyuma ya mlango. Mlango ninao. Mama huna haja ya kumwazima kwa watu. Akigonga nitafungua, na hapo nitalia bila unga wa juisi hata kijiko. Hiyo ndiyo filamu ya vita isiyo na gharama, na hakuna anayekufa ndani yake, si kwa mkono wa adui, si kwa mkono wake.

Ukikataa, magwanda sifui tena. Vita vyako viendelee na jasho lake.

Nisalimie mpiga picha, yule mwembamba, mwambie ale. Nisalimie jenerali kabla hajavuliwa koti. Wasalimie vijana wote, waliokufa na wanaosubiri zamu. Wifi yangu akikupigia, ukiwasha simu, mwambie namkumbuka.

Ni mimi dada yako,
Mshonaji wa majeshi yote mawili.

Nyongeza: Barua nilishaifunga, nimeifungua tena. Dereva wako alikuwa anaisubiri, nikampa chai, akaanza kupiga soga. Kumbe pale mwanangu anapokufa ndipo kamera inapomsogelea uso, na hakuna mwingine kwenye filamu nzima anayesogelewa hivyo! Mbona hukuniambia? Tena anasema kijana wa fundi viatu amekuja kuiomba nafasi hiyo, na wewe umeanza kulegea kwa sababu amekuja na buti zake mwenyewe. Mdogo wangu, usithubutu. Kijana yule hata kupiga chafya hajui kwa uhakika, atajua kufa? Barua hii soma salamu, mengine yote ruka. Mwanangu afe. Afe na risasi yake mwenyewe kama ulivyopanga, nani mwingine ana shabaha hiyo? Ila afe taratibu, usimkimbize, awe amechana nywele, na aseme "mama" mara mbili, ya pili isikike vizuri. Magwanda nimeshayafua, yamo kwenye gunia. Nijibu upesi kwa dereva huyu huyu, nijue anakufa siku gani, nisije nikakosa.