Makisio ya Daraja, Kifungu cha Kumi na Saba

Watu wa Sumbawanga walitangaziwa bomani na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, bendera ikipepea na mbuzi wakipita bila kibali, kwamba Serikali haitajenga tena hata choo kabla gharama yake haijajulikana hadi senti ya mwisho. Makisio yakikosea, karani wa makisio atarudi kwenye jembe.

Karani mwenyewe alikuwa Alois, darasa la nne, penseli sikioni, aliyejua hesabu mpaka ukurasa ule mchwa walipoanzia kula kitabu. Jembe alikwisha kulicheka hadharani, kwa hiyo daraja la mtoni alilikisia kwa moyo wote: magogo ya kutoka mbali, maana Ufipa yetu ni nyasi tupu, misumari, kamba, na mitungi kumi na miwili ya pombe ya ulezi kwa wabebaji.

Makao makuu ya Jimbo yakaifuta pombe. "Anasa," yaliandika. "Tena orodhesha kikamilifu mambo yote yasiyotarajiwa."

"Baba Beda," mkewe Zita akauliza, "ukishayaorodhesha, si yamekuwa yanatarajiwa?"

"Hapo ndipo elimu inapoanzia, mke wangu."

Akaorodhesha arobaini na moja, toka mvua mpaka ng'ombe kulalia magogo. Yote yakapigwa mhuri.

Siku ya kazi wanaume walifika, wakatafuta mitungi kwa macho, wakaketi. Mzee Leonsi akanyanyua ncha ya gogo, akaishusha polepole.

"Shikamoo, mzee. Mbona hivyo?"

"Marahaba, karani. Gogo hili lina kiu."

Na Jumamosi Bwana Mkubwa wa Jimbo alikuwa avuke papo hapo! Alois akajiona yumo shambani, akifukia nyasi kwenye matuta, majirani wakimpungia: "Karani, hujambo?" Akapekua orodha hadi kifungu cha kumi na saba: *Kifo cha Bwana Shauri. Pombe ya matanga, mitungi kumi na miwili.*

Akampelekea Bwana Shauri hati ya kifo. "Ni saini tu, bwana. Haiumi."

Bwana Shauri akatazama kalenda, akafa kwa wino mweusi.

Daraja likaisha kwa siku mbili, wabebaji wakiomboleza kwa furaha ya kadiri. Gharama haikuzidi wala kupungua senti.

Jumamosi Bwana Mkubwa akavuka na shada la maua. Bwana Shauri akamkimbilia, mkono mbele. Mgeni hakuupokea.

"Pole sana. Mshahara wako umekwisha kusimamishwa, na nyumba amepewa mwingine."

"Lakini mimi ni mzima!"

Bwana Mkubwa akamgeukia karani. Alois akaipitia orodha kwa uaminifu, vifungu vyote arobaini na moja, penseli ikishuka taratibu.

"Samahani, bwana," akasema. "Kufufuka hakumo."