Damu Iliyomkana Pepo Wangu

Kikwajuni, Unguja
Mfunguo Nne, 1957

Kwa Bwana Daktari unayepima damu,

Salamu nyingi kwako, na kwa yule muuguzi mwenye mkono mwepesi wa sindano. Mimi ni Mwanakheir binti Machano, mke wa Miraji mshona kanzu. Ndiye mimi yule uliyemtoa damu mkononi ukamnyang'anya na kauli nyumbani kwake. Nakuandikia kwa adabu, maana hasira nimeziacha jikoni.

Miaka mingi nina pepo. Akinipanda, moyo hutwanga, jasho hunitiririka, kichwa hunigonga na uso hunipauka. Ni Mwarabu wa Maskati, mpole, ila anapenda vitu vyake: halwa, marashi ya waridi, kanga mpya. Akitaka kitu humwambia Miraji kwa mdomo wangu. Na Miraji, ambaye mimi nikisema hageuzi hata shingo, kwa pepo huitika "Naam, sheikh!" akatoka mbio. Hapo ndipo ulipoingilia wewe, na malalamiko yangu ni haya:

1. Damu imetoa ushahidi na pepo hakusikilizwa. Ulinilaza kimya, ukanikataza kahawa na ndizi, ukachoma sindano. Pepo gani wa heshima atahudhuria mahali pasipo hata udi? Kweli, uliponibonyeza ubavuni alinipanda papo hapo, nawe ukatoa damu ya pili. Lakini alikuja kwa kuudhiwa, na maneno ya aliyebonyezwa hayashikwi.

2. Damu hiyo mkaitia kwenye barafu, mkaipakia ndege ikapimwe Ulaya. Mimi mwenyewe Pemba sijafika! Imesafiri bila ya ruhusa ya mume, bila ya buibui, ikatoa siri zangu kwa watu nisiowajua.

3. Jibu limekuja kwamba juu ya figo yangu pana tezi yenye uvimbe kama tende, na uvimbe huo unamwaga kwenye damu yale maji ya mshtuko ambayo wenzangu huyapata wakikanyaga nyoka. Tende, Bwana Daktari! Tende nimeifukizia udi, nimeipigia ngoma, nimeilisha halwa sahani nzima. Bi Kidawa, fundi wangu wa pepo, tangu asikie ameketi kibarazani hasemi na mtu. Na juzi pepo alipotaka marashi, Miraji alimjibu akaombe hospitali.

4. Mtaa umeharibika. Jirani yangu Mwanapili anataka mumewe apimwe ubahili. Bi Sichana anataka mkwewe apimwe maneno, na damu itolewe kwa ndoo.

5. Hili ndilo kubwa. Umesema uvimbe usipokatwa, siku moja utamwaga yote kwa mpigo na moyo utasimama. Hilo Miraji sijamwambia; nimemwambia Bi Kidawa tu. Sikufichi, naogopa kufa, na kisu nakiogopa vilevile. Lakini ukikata, nani atanisemea? Kwa hiyo naomba uniachie kipande, kidogo tu, cha kuombea kanga za Sikukuu. Kama kanuni zenu hazikuruhusu, basi uje wewe mwenyewe kila Ijumaa baada ya sala, ukae nyuma ya pazia, uagize vitu kwa sauti nene. Kiarabu si lazima. Kiingereza chako kitatosha, Miraji vyote viwili hafahamu.

Naishia hapa, wali usije ukaungua. Nisalimie mkeo, watoto, wagonjwa wote wa wodini, na rubani aliyeichukua damu yangu. Natumai haikumsumbua njiani.

Mimi niliye mtiifu kwako, na mwenye pepo wangu bado,
Mwanakheir binti Machano

Nyongeza: Barua sijaitia gundi, Miraji kaingia. Bi Kidawa hakuweza kunyamaza, kamweleza habari ya moyo. Miraji kakaa mkekani, hapana udi, hapana ngoma, akanitazama mimi, akaniita kwa jina langu, akaniuliza ninataka nini. Nilitafuta, Bwana Daktari, na halwa yote ikanitoka akilini. Nikamwambia nataka kuishi. Kaitika "Naam!" na sasa anavaa viatu, huyo anayekugongea mlango na barua hii ndiye yeye. Kata tende yote. Usibakishe hata kokwa.